Mwacheni Mzee Khalfan Ashindwe

Wanangu mnaotembeza wageni siku hizi, juzi nilikuja kuwasikiliza na hamkunijua. Nilivaa baibui langu la kila siku, nikaingia kama mgeni yeyote, nikajibanza nyuma ya kundi la wafanyabiashara wa Dar es Salaam waliotoka masoko ya Deira, Dubai, na mifuko imewakata vidole. Nikasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Nilipotoka nilisahau hata kuaga, na msije mkasema ni uzee. Ilikuwa hasira.

Sauti zenu nzuri, hilo siwanyimi. Mnachekesha, na mnajua kupiga picha ya kundi bila kumkata mtu kichwa, jambo ambalo mimi sikuliweza mpaka nastaafu. Lakini hao wazee mnaowasimulia ni wazee gani jamani? Nimefanya kazi katika nyumba hiyo ya makumbusho tangu rangi ya milango ilipokuwa bado inanuka, na watu mnaowataja siwajui. Wote wanaamka kabla ya jogoo, wote wanatazama maji na kuiona kesho, wote wanatoa maneno ya kuchapisha kwenye fulana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukasirika. Hakuna aliyenunua mchele kwa bei mbaya. Nyumba nzima imejaa malaika, na malaika hawajengi mji.

Kwa asiyeijua, nyumba yenyewe iko ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, upande wa Bur Dubai, ina mnara wa kunasa upepo na ua wenye mkunazi mmoja mkaidi. Watawala wana majumba yao ya makumbusho makubwa kuliko hili letu, na wanao watu wa kuwasimulia. Hii yetu ilikuwa nyumba ya baraza. Walikaa humo wafanyabiashara, watu wa forodha, kadhi mmoja na manahodha waliochoka bahari, wakamzunguka mwenye baraza, na hapo wakaamua mambo ya gati, ya soko na ya maji ya kunywa. Mji ulikuwa mdogo, mbuzi akipotea watu walijua ni wa nani. Lakini walibishana mambo yake kama vile ni mji mkubwa tayari, na hiyo ndiyo akili yao iliyonishangaza maisha yangu yote.

Mimi ni Zuhura. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa huku mdogo, na sasa nakaa Al Warqa kwa mwanangu, ambako mkwe wangu ananikataza kupika na mimi ninapika. Niliajiriwa kwa sababu wageni wa Kiswahili walikuwa wanaongezeka na hakukuwa na wa kuwaeleza. Aliyenifundisha kazi alikuwa Ustadh Hilal. Hakuwa mwalimu wa popote, tulimwita ustadh kwa sababu alivaa miwani na alisahihisha watu. Ujana wake alikuwa karani katika baraza lile lile, akikaa karibu na mlango, akiandika alichoambiwa aandike na kusikia hata alichoambiwa asiandike.

Siku yangu ya kwanza nilisimama kivulini, wageni nikawapanga mbele yangu. Niliongea mpaka koo likakauka. Hilal akaniuliza:

"Zuhura, wageni wako walikuwa wanaona nini?"

"Walikuwa wananiona mimi, Ustadh."

"Walikuwa wanaona jua. Wewe umejipa kivuli, wao umewapa jua la machoni. Mtu aliyefumba macho hasikii."

Tangu siku hiyo jua nililichukua mimi. Juzi nimewakuta nyote mko kivulini na miwani myeusi juu, wageni wanakunja nyuso kama wamelamba ndimu. Hili nalo linahitaji semina?

Mengine madogo madogo, maadamu nimeshaanza. Waacheni wapige picha kwanza, la sivyo mtu atakuwa anakutazama huku anawaza picha. Mashua ya kuvusha watu ikipita na injini yake, nyamazeni mpaka ipite, msishindane nayo. Wafanyabiashara waambieni tangu mlangoni mtamaliza saa ngapi, kwa sababu roho zao ziko kwenye mzigo unaopimwa kilo huko Deira, na asiyejua atatoka saa ngapi hatulii. Na vijana wa Kenya wanaofanya kazi za ulinzi, wakija siku yao ya mapumziko, wapeni pa kukaa kabla ya neno lolote. Wiki nzima wamesimama. Wakishakaa ndio wanaouliza maswali matamu, kwa sababu wao kazi yao ni mlango na wanajua nani anaamkiwa na nani anapitwa.

Hilal alikuwa na amri mbili alizozishika kama sala. Ya kwanza: kitu kwanza, maneno baadaye. Mwonyeshe mgeni kitu, akiguse, ndipo useme. Na kama hukuwepo mtu aliposema, usimtie maneno mdomoni, sema alifanya nini. Ya pili: usimsahihishe mwenzako mbele ya wageni. "Mgeni akiona waongozaji wawili wanabishana," alikuwa akisema, "hatauamini hata mlango." Hiyo ya pili ilinitesa, mtaona.

Sasa kahawa. Kahawa ndiyo kazi yenyewe, na nyinyi mmeigeuza kuwa kionjo cha bure cha mwisho. Kahawa ya baraza ni chungu, ina iliki, inamiminwa kidogo kwenye kikombe kisicho na mkono. Mgeni akinywa, anayemimina anamjazia tena, na tena, mpaka mgeni akitikise kikombe. Kutikisa ndiyo kusema basi. Miaka yangu ya mwanzo sikuwaeleza wageni hilo, nikidhani kila mtu anajua. Akaja mzee mmoja wa Kariakoo, mpole, mwenye adabu. Nikimjazia anakunywa. Nikimjazia anakunywa. Mimi nafikiri amependa, yeye anafikiri kukataa ni matusi. Mwisho akanishika mkono, macho yamemtoka: "Mama, nisamehe, moyo unanidunda, mimi nina presha." Tukamlaza chini ya mkunazi. Tangu hapo maelezo ya kutikisa kikombe niliyatanguliza kuliko hata jina langu.

Kuna na upande wa pili wa kikombe, ambao juzi hakuna aliyeutaja. Mtu akiwa na haja nzito, anapokea kikombe kwa adabu, halafu hakinywi. Anakiweka chini mbele yake. Hapo baraza zima linanyamaza. Mwenye nyumba lazima aulize: haja yako ni nini? Na yule hanywi mpaka haja yake ipate jibu. Mambo mengi ya mji huu yaliamuliwa kikombe kikiwa chini.

Na hapa ndipo anapoingia Mzee Khalfan, ambaye mmemharibu kuliko wote.

Mzee Khalfan alikuwa mtu wa gati. Mke wake alitoka Unguja, ndiyo maana nyumba yake ilisema Kiswahili jikoni na Kiarabu sebuleni. Baraza lilitaka kuhamisha kituo cha mashua za abiria, kitoke mdomoni mwa soko kipelekwe mbali kidogo, ili gati lote lililobaki liwe la mizigo. Mawazo yao yalikuwa haya: mizigo ikishuka haraka, meli zitakuja nyingi, meli zikija nyingi mji utakula. Waliwaza hivyo wakati meli zenyewe ni za kuhesabu. Khalfan akasema mizigo haina miguu ya kuungua, ila mama mwenye kapu la samaki anayo, na mkimpeleka mbali mnampeleka juani. Wakabishana. Akaweka kikombe chini. Wakaahirisha. Siku ya pili wakamwita, akakalishwa pale pale pake, hakupunguziwa heshima wala mto wa kuegemea, akaweka kikombe chini tena. Hilal aliyaona kwa macho yake. Mwisho mwenye baraza akawachukua wote kwa miguu mpaka gatini, wakatazama, wakarudi, wakaamua.

Khalfan akashindwa. Nisikieni vizuri: akashindwa. Kituo kikahamishwa.

Halafu mwenye baraza akamtazama akasema kazi ya kukijenga kituo kipya atasimamia Khalfan. Yeye aliyekipinga. Khalfan akainua kikombe chake akanywa, kesho yake akaenda kazini. Akajenga ngazi fupi, fupi kuliko fundi yeyote alivyozizoea, ili mama mwenye kapu asinyanyue goti sana. Akaweka paa la makuti na mtungi wa maji. Hayo hayakuwemo katika maamuzi ya baraza na hakuna aliyemkataza.

Kituo kile hakipo tena. Limebaki jiwe moja la ngazi zake, liko uani karibu na mkunazi. Ni lile mnalowakataza watu kulikalia.

Nilikisimulia kisa hicho miaka na miaka, na wageni walikipenda. Kisha akaja meneja mpya, tuliyemwita Sir, kijana mwerevu mwenye haraka. Akaleta skrini. Asubuhi moja nikamkuta Mzee Khalfan ana urefu wa mlango, anang'aa, na chini ya ndevu zake pameandikwa maneno makubwa ya kutokubali kamwe kuambiwa hapana. Nikauliza yametoka wapi. Sir akanijibu kwa upole kabisa kwamba timu imeyatengeneza.

"Timu iliyakuta wapi, Sir?"

"Bi Zuhura, haya ni maneno ambayo angeweza kuyasema."

Nikaenda kukaa juu ya jiwe la Khalfan mpaka moyo ukashuka.

Wakati ule ule akaajiriwa Brayo. Brayo ni Mkenya wa Kakamega, alikuwa mlinzi wa hoteli moja Al Mankhool kabla ya kuja kwetu, akikaa Al Nahda chumba cha vitanda vya juu na chini. Kijana mzuri, mcheshi, mwenye sauti ya mhubiri. Wageni walimpenda siku ya kwanza. Mimi alinimaliza siku ya kwanza.

"Mama Zuhura," aliniambia, "watu wanataka motisha. Msee ametoka Dar, amelipa tikiti, unampea stori ya mtu amelose?"

"Hakulose. Alishindwa."

"Si ni kitu moja?"

"Si kitu kimoja! Aliyeshindwa alijenga ngazi. Umeiona ngazi?"

"Nimeiona. Ni jiwe, Mama."

Tulikuwa tunagombana hivyo kila siku, kisha tunakula pamoja. Alinilia sambusa zangu zote. Lakini kwa kuwa amri ya Hilal ilinifunga mdomo mbele ya wageni, Brayo alikuwa anamtukuza Khalfan uani na mimi nasaga meno dirishani.

Basi kuna Bi Moza, binti wa Mzee Khalfan, aliyekuwa mtu mzima kuliko mimi. Alikuwa na desturi ya kuja mara kwa mara, akijiunga na kundi la Kiswahili bila kujitambulisha, kwa sababu alisema baba yake katika Kiswahili anafanana na baba yake wa nyumbani. Mimi tu ndiye niliyemjua. Akishasikiliza, analigusa lile jiwe kwa ncha ya kiatu, anaondoka.

Mwezi wangu wa mwisho kazini alinishika mkono mlangoni. Alikuwa amekonda.

"Zuhura, Jumamosi nitakuja na Salim."

Salim ni mjukuu wake, aliyemlea mwenyewe. Alisomea mambo ya barabara na akaajiriwa kuchora njia za waenda kwa miguu. Kazi ya kwanza aliiacha kwa sababu wakubwa walikataa mchoro wake. Akapata ya pili. Wakaukataa mchoro tena, wakachagua wa mwingine, na juu yake wakamwambia ausimamie. Salim akasema haiwezekani, anaacha.

"Akiiacha na hii," Bi Moza akaniambia, "ataacha na ya tatu, na mimi sitakuwepo kumwona. Anapenda sana kutaja jina la babu yake mkubwa, baba yangu. Mimi nikimwambia kisa ananijibu, 'Bibi, khalas, basi, nimesikia.' Nataka akisikie mbele za watu, kwako wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada yangu. Jumamosi, inshallah."

Jumamosi ikafika. Asubuhi Sir akanitazama goti langu lililovimba akasema, kwa huruma zake zote, nikae kaunta leo, kundi la Kiswahili ataongoza Brayo. Nikasema Sir, leo hapana. Akasema Bi Zuhura, pumzika. Nikasema sitaki kupumzika. Akasema ameshapanga. Mtu akishakuhurumia huwezi kumshinda.

Nikawaona wakiingia. Bi Moza na fimbo yake, Salim na kandura, kanzu ya huku, nyeupe pee, uso wa mtu aliyeletwa. Wafanyabiashara wa Dar, na walinzi wa Kenya ambao Brayo aliwajua kwa majina. Bi Moza akanitafuta kwa macho, akanikuta nyuma ya kaunta. Nikainua mikono. Ningefanya nini?

Brayo alikuwa na siku nzuri kupita zote. Alipofika uani, akapanda juu ya jiwe lile la ngazi, akalifanya jukwaa. Nilitamani kulia.

"Hapa, ndugu zangu," akaanza, "ndipo Mzee Khalfan alisema hapana! Wakubwa wakambembeleza, akakataa! Wakampa kahawa, akakataa! Mpaka baraza lote likainua mikono na kufuata plan yake! Usikubali kuambiwa hapana, msee. Wakikukataa, toka! Enda ujenge yako!"

Watu wakapiga makofi. Salim akapiga kuliko wote. Akamwinamia bibi yake bila kupunguza sauti, na mimi pale kaunta nikasikia kila neno: "Umesikia, Bibi? Damu ni ile ile. Jumatatu nawaambia naondoka."

Bi Moza aligeuka. Alinitazama mimi.

Sasa nifanye nini? Nimsahihishe Brayo mbele ya watu, nivunje amri niliyoishika tangu nilipoingia nyumba ile? Ulimi ulikuwa mdomoni unaniwasha. Lakini saa ya kahawa ilikuwa imefika, na kahawa haikuwa ya Brayo, ilikuwa ya yeyote atakayeshika dele, birika lake. Nikashika dele. Goti likalia, nikaliacha lilie. Nikatoka uani, nikaanza kumimina, na wa kwanza kabisa nikampa Bi Moza.

Akapokea kwa mkono wa kulia. Akanishukuru, akangoja mpaka wengine nao wakapata. Halafu akaegemea fimbo, akainama polepole, na kile kikombe akakiweka juu ya jiwe la baba yake, miguuni pa Brayo.

Salim uso ukambadilika pale pale. Anaijua desturi, ni mtoto wa hapa. Lakini Brayo, maskini, alishuka jiweni haraka na adabu zote:

"Pole, madam. Ni chungu sana? Nikuletee sukari?"

"Brayo," nikamwambia, "nyamaza, mwanangu."

Mfanyabiashara mmoja akauliza kuna nini. Nikawaeleza kwa ufupi maana ya kikombe kilichowekwa chini, na kwamba mama huyu ana haja, na haitakuwa vizuri wengine kunywa kabla haijajibiwa. Wote wakashusha vikombe. Mlinzi mmoja wa Kenya akasema kwa hofu, "Mimi nimeshameza. Nifanye aje?" Watu wakacheka, mimi pia. Bi Moza hakucheka.

"Bibi," Salim akasema chini chini, "si hapa."

"Hapa hapa."

Salim ndiye mkubwa wa nyumba yao sasa, hakuna mwingine wa kuuliza. "Haja yako ni nini, Bibi?"

"Mimi ni binti wa Khalfan," akasema Bi Moza, kwa watu wote. "Nataka baba yangu asimuliwe alivyofanya. Yote, na mwisho wake."

Brayo alinigeukia. Nitamsifu kwa hili mpaka nife: hakubisha, hakujitetea. Alisema, "Mama Zuhura, shika," akasogea pembeni, akasimama juani.

Nikaanza na kitu. Nikamwambia Salim apande lile jiwe, ashuke, apande tena. "Unaona lilivyo fupi?" Nikawaambia wengine nao wajaribu, wakapanga mstari, mwanamke mmoja wa Dar akapanda na mifuko yake yote miwili bila kuitua, akasema, "Eh, halichoshi." Hapo ndipo nikasema ni la nani, na kwa nini ni fupi. Nikasimulia soko, gati, kapu la samaki, kikombe chini leo na kikombe chini kesho, safari ya miguu mpaka gatini. Nikafika mwisho.

"Kwa hiyo alishindwa?" akauliza yule wa Dar.

"Alishindwa."

"Na akajenga yeye?"

"Akajenga yeye."

Mashua ikapita na injini yake. Nikanyamaza mpaka ikapita.

Salim alikuwa analitazama jiwe. "Lakini nani alikuwa sahihi, Bi Zuhura? Yeye au wao?"

"Sijui, mwanangu. Mizigo ilishuka haraka, meli zikaja, mji ukala. Hiyo ni kweli. Na kina mama walitembea mbali zaidi. Hiyo nayo ni kweli."

Hakulipenda hilo jibu. Hata mimi silipendi, lakini ndilo lililopo. Akamgeukia bibi yake.

"Haya, Bibi. Limesemwa lote. Kunywa."

"Hilo lilikuwa la hawa wageni," Bi Moza akasema. "Lako bado."

Nyinyi mnaojua kuongea bila kupumua, mngeharibu hapo. Mngejaza. Mimi nilishika dele langu na mdomo wangu. Wageni walitazama chini. Brayo jasho lilimtiririka na hakuondoka juani.

"Mchoro wao ni mbaya, Bibi," Salim akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Njia nzima haina kivuli. Wamenipa nisimamie kitu kibaya."

"Najua."

"Watu wataungua."

"Kati ya wote waliopo ofisini kwenu, nani mwingine anajua kwamba wataungua?"

Salim akainama, akakichukua kikombe juu ya jiwe kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Jumatatu nitakwenda."

"Kwenda tu?"

"Nitausimamia, Bibi."

Hapo Bi Moza akapokea kikombe. Nikasogea na dele, nikamwambia hiyo imeshapoa, nikumiminie nyingine ya moto. Akafunika kikombe kwa kiganja.

"Iache, Zuhura. Baba naye alipoinywa ilikuwa imepoa."

Akanywa yote, akakitikisa, akanirudishia.

Hilo la kahawa kupoa Hilal hakuniambia, labda kutoka mlangoni hakuliona. Nimelisikia siku ile moja tu, na Bi Moza sasa hayupo. Sijui Salim alifanya nini na ile njia, sikumuuliza, na nyinyi msibuni. Brayo alikuwa akisimulia kisa sawasawa mpaka alipopata kazi nyingine, na alianza kila mara na jiwe.

Juzi mama mmoja alikuwa amechoka, akataka kukaa juu ya jiwe hilo, na mmoja wenu akamwambia, "Madam, hapo hairuhusiwi." Aliondoka bila kujua ni la nani. Wanangu, mwacheni mama akae. Mmiminieni kahawa, simameni nyinyi juani, na akishapumzika mwambieni kwamba jiwe hilo liliwekwa kwa ajili yake na mtu aliyeshindwa.